Mkopo wa Bodi: maswali ninayoulizwa kila mwaka kuanzia Mei

Kidato cha sita wakishatoka kwenye chumba cha mtihani mwezi Mei, meza yangu ya ofisi ya taaluma hugeuka dawati la mikopo. Wanakuja wanafunzi, wanakuja na kina mama wenye mifuko ya plastiki, ndani yake vyeti vilivyokunjwa mara nne mpaka mikunjo imeanza kutoboka. Maswali ni yaleyale kila mwaka, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Yote yanahusu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, yaani HESLB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Masharti madogo madogo hubadilika, na Bodi hutoa mwongozo mpya kila mwaka, wa Kiswahili na wa Kiingereza. Usome wa mwaka wako, usitegemee wa kaka yako.

Jambo moja nalitanguliza. Bodi haipajui kwenu. Haijaliona bati linalovuja wala haijui kwamba mama anauza vitumbua. Inachokiona ni karatasi ulizopeleka. Nimeshuhudia watoto wenye shida ya kweli wakikosa, na si kwamba waliongopa au walifeli. Shida yao haikuandikwa popote penye muhuri.

Mwalimu, mkopo huu ni wa nani?

Ni wa Mtanzania aliyedahiliwa kwenye chuo kinachotambulika, kwa masomo ya kutwa nzima, asiye na ajira wala mkataba wa kumwingizia kipato, na ambaye umri wake haujazidi miaka 35 wakati anaomba. Awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Aliyewahi kukopeshwa akaacha chuo anapaswa kwanza kushughulikia deni la zamani kama mwongozo unavyoelekeza.

Kutimiza sifa hizo ni kuingia mlangoni tu. Baada ya hapo Bodi inapima uhitaji: nani yatima, nani ana ulemavu au mzazi mwenye ulemavu, nani kaya yake inasaidiwa na TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, nani alisomeshwa sekondari kwa ufadhili. Ufaulu wa darasani ndio unaokupa nafasi chuoni. Kwenye mkopo, kinachopimwa ni hali ya kwenu.

Nisubiri matokeo na udahili kwanza, au naweza kuanza?

Anza sasa hivi. Dirisha la maombi kwa kawaida hufunguliwa Juni na kufungwa mwishoni mwa Agosti. Miaka mingine huongezwa siku kadhaa za Septemba, lakini usipange maisha yako juu ya nyongeza ambayo hujaahidiwa. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na udahili wa vyuo vikuu chini ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, huendelea baada ya hapo. Ombi la mkopo halisubiri vyote hivyo. Unaingia kwenye OLAMS, mfumo wa Bodi wa maombi ya mtandaoni, kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, unajaza, unawasilisha. Taarifa za chuo zitakutana na ombi lako baadaye.

Kama ulirudia mtihani wa kidato cha nne, jaza namba zote ulizofanyia mtihani. Usiifiche ile ya kwanza kwa aibu. Majina na namba vikipishana, ombi linakwama.

Naenda JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) mwezi Juni. Nitaombaje nikiwa kambini?

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na ndiyo maana mwezi Mei huwa sina raha. Vijana wa kidato cha sita huitwa kambini wakati uleule dirisha linapofunguliwa. Kambini simu si zako, steshenari hakuna, na mtendaji wa kijiji chenu yuko umbali wa mikoa mitatu.

Dawa yake ni zile wiki chache kati ya mtihani wa mwisho na siku ya kuripoti. Katika wiki hizo hakikisha cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa, cheti cha kifo kama kinahitajika kimepatikana, picha ndogo zimepigwa, mdhamini amekubali na nakala ya kitambulisho chake unayo. Vyote viskaniwe, vitumwe kwenye baruapepe yako mwenyewe, na mtu mmoja unayemwamini nyumbani abaki na nakala ngumu. Ukifika kambini, waulize maofisa mapema ni lini mtaruhusiwa kushughulikia maombi. Aliyebeba kila kitu tayari anahitaji saa mbili kwenye kompyuta. Aliyeondoka na cheti cha kuzaliwa tu, kambi ikifungwa anajikuta na siku chache za kukimbizana na watu wanne wenye mihuri.

Nianze na karatasi ipi?

Cheti cha kuzaliwa, na si kuwa nacho tu. Lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Unafungua akaunti kwenye mfumo wao wa mtandaoni, unapakia cheti kilichoskaniwa vizuri, unalipia, nao wanalinganisha na daftari lao la usajili. Kikionekana sahihi unapewa majibu yenye namba ya uhakiki, na namba hiyo ndiyo unayokwenda kuijaza kwenye ombi la mkopo. Aliyezaliwa Zanzibar, cheti chake huhakikiwa na ZCSRA, Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii.

Kuna vyeti ambavyo mwenyewe unaviona ni halali kabisa, kumbe daftarini havipo. Kuna cha mwanafunzi wangu mmoja ambacho bado nakikumbuka: karatasi safi, muhuri unasomeka, mama yake alikilipia kwa kijana aliyejitolea "kumsaidia" pale stendi. RITA wakajibu kwamba namba ya ingizo ni ya mtoto mwingine, wa wilaya nyingine. Mama alikaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu, cheti mapajani, anakilainisha kwa kiganja kana kwamba mikunjo ndiyo yenye kosa. Tulianza upya kusajili kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na tulifanikiwa kwa sababu ilikuwa bado Mei. Ingekuwa tarehe 25 Agosti nisingekuwa na la kumwambia.

Kwa hiyo hakiki kabla dirisha halijafunguliwa. Ukikuta tatizo, utakuwa na muda wa kulitatua.

Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, cha kidato cha nne kinasema Muhammad. Ni tatizo?

Ni tatizo, na ni bora ulijue leo. Mfumo unasoma herufi, haujui kwamba ni wewe yuleyule. Jina la msingi kwenye ombi ni lile la cheti cha kidato cha nne. Tofauti ndogo za tahajia hurekebishwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu. Tofauti kubwa, kwa mfano jina la ukoo kubadilika kabisa, inahitaji taratibu rasmi za kubadili jina, na hizo zinachukua muda. Angalia pia jina la mzazi: kwenye cheti chako baba anaitwa Saidi Juma, kwenye kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA, anaitwa Saidi Juma Mkwawa, na kwenye cheti cha kifo ameandikwa Said J. Weka karatasi zote mezani, uzisome jina kwa jina, kwa sauti kama ni lazima.

Baba alifariki tukiwa wadogo, alizikwa kijijini. Hatuna cheti cha kifo.

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na ndilo linaloniuma kuliko yote. Mtoto ni yatima, kijiji kizima kinajua, kaburi lipo nyuma ya nyumba. Lakini kwenye ombi, bila cheti cha kifo kilichohakikiwa, baba huyo anahesabika yuko hai na anakusomesha.

Kifo kinaweza kusajiliwa hata miaka ikiwa imepita. Safari inaanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa alikofia au alikozikwa. Mtendaji anaandika barua ya kuthibitisha kifo, tarehe yake na mahali. Kama alifia hospitali, rudi hospitali ukaombe uthibitisho wa kumbukumbu zao. Kama alifia nyumbani, kibali cha mazishi kikipatikana kinasaidia sana. Ndugu wawili waliokuwepo wanaweza kutakiwa kula kiapo. Karatasi hizo ndizo unazopeleka ofisi ya Mkuu wa Wilaya kunakosajiliwa vifo, na cheti kikitoka unakihakiki RITA kama ulivyohakiki cha kuzaliwa.

Mnapofika kwa mtendaji, msiondoke mpaka mmeisoma barua. Mwaka mmoja binti alirudi kwangu na barua nzuri tu, ila mwaka wa kifo ulioandikwa ulikuwa mmoja kabla ya yeye kuzaliwa. Mtendaji alikuwa ameharakisha. Barua ilirudi, nauli ikatoka mara ya pili, wiki ikapotea.

Naomba wazee wa familia walisikie hili: cheti cha kifo hakimtukani marehemu wala hakifungui mirathi peke yake. Nimeona ba'mdogo akikataa kutoa kiapo kwa kuogopa kwamba watoto wanatafuta shamba. Kaeni kikao mwaka mmoja kabla, kijana akiwa kidato cha tano, mlimalize.

Baba yupo hai, lakini alituacha na hatujui alipo. Niandike marehemu?

Hapana, mwanangu. Ukiandika marehemu, mfumo utadai cheti cha kifo ambacho huwezi kukipata, na ukikipata kwa njia za panya utakuwa umefanya kosa la jinai kabla hata hujaingia chuo. Jaza ukweli: unaishi na mzazi mmoja, na mzazi huyo ndiye anayekutegemeza. Serikali ya kijiji au mtaa inaweza kukuandikia barua kueleza hali hiyo, na barua hiyo itunze kwa sababu huenda ukaihitaji wakati wa rufaa. Najua inauma kwamba kuachwa hakuna cheti.

Kaya yetu ipo TASAF. Inasaidia?

Inasaidia, maana ni umaskini ambao tayari serikali imeuthibitisha. Chukua namba ya kaya kama ilivyo kwenye kitambulisho cha mnufaika, uijaze bila kukosea hata tarakimu moja. Hakikisha pia jina lako limo kwenye orodha ya wanakaya. Wengine walihamia kwa bibi wakiwa wadogo, bibi ni mnufaika, lakini mjukuu hakuandikishwa.

Na mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, apate uthibitisho wa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Picha ya kiti cha magurudumu haitoshi.

Mdhamini awe nani? Na nisipolipa atafungwa?

Mzazi anaweza kuwa mdhamini, na kwa wengi ndiye. Anahitaji picha ndogo na kitambulisho kinachotambulika: cha NIDA, cha mpiga kura, pasipoti au leseni ya udereva. Anasaini kwamba anakujua na anawajibika kuhakikisha mkopo unarejeshwa. Si saini ya kumwomba mtu uliyekutana naye steshenari. Msomee kipengele chake kabla hajasaini, hata kama ni mama yako. Hofu ya kufungwa huwa inatokana na kusainishwa kitu ambacho mtu hakusomewa.

Fomu inapigwa mihuri na nani?

Ukishajaza kwenye mfumo, unaprinti fomu. Unasaini wewe, anasaini mdhamini, anathibitisha kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, kisha inakwenda kwa kamishna wa viapo, ambaye anaweza kuwa wakili au hakimu. Ikikamilika unaiskani na kuipakia tena kwenye mfumo. Zamani tulikuwa tunazituma kwa EMS posta na kubaki roho mkononi kama zimefika. Siku hizi unaona mwenyewe kama zimepanda.

Ushauri wangu wa miaka mingi: usiende kwa mtendaji saa sita mchana siku ya mnada. Nenda asubuhi, nenda na mzazi, na kalamu yako iwe ya wino wa bluu unaokoza. Kabla hujaondoka kagua vitu vitatu: jina lake, tarehe, na muhuri usiofunika maandishi. Fomu yenye muhuri uliopauka huwa kama haina muhuri ikishaskaniwa. Ukiskania kwa simu, iweke karatasi kwenye mwanga wa dirisha, kivuli cha mkono kisiangukie saini.

Ada ya maombi ni kiasi gani, na nilipe kwa nani?

Kwa miaka mingi sasa ni Sh 30,000, na hairudishwi. Hailipwi kwa mtu. Mfumo unakupa namba ya kumbukumbu ya malipo, tarakimu 12 zinazoanza na 99, unalipa benki au kwa simu. Anayekuomba utume kwenye namba yake ya simu ili "akusukumie faili" anakuibia. Hakuna mtu wa ndani anayekusukumia. Kwa mama wa vitumbua Sh 30,000 ni mtaji wa wiki, na ndiyo sababu nawaomba sana mzianze kuziweka kando tangu Januari.

Mwenye steshenari amenijazia kila kitu. Kuna ubaya?

Kukusaidia kuchapa si ubaya. Ubaya ni akitumia baruapepe yake na namba yake ya simu. Akaunti hiyo utaitumia miaka yote ya chuo na baadaye ukianza kurejesha deni. Kijana mmoja hakuweza kuiona akaunti yake kwa sababu nywila alikuwa nayo mtu wa steshenari aliyekwisha kuhama mji. Majibu yalipotoka alikuwa amepangiwa mkopo, lakini hakujua kwa majuma kadhaa, akawa analala kwenye kochi la rafiki akidhani amekosa.

Fungua baruapepe yako mwenyewe, ya jina la kueleweka. Andika nywila kwenye daftari la nyumbani. Laini ya simu isajiliwe kwa kitambulisho chako mara tu ukikipata, na usiitupe ukifika Dar.

Nilisoma shule binafsi kwa msaada wa mjomba. Nitakosa?

Si lazima, lakini uwe tayari. Ada ya sekondari ni kipimo kimojawapo cha uwezo wa familia, na anayeonekana kulipiwa mamilioni kidato cha tano na sita huhesabika kwamba yupo wa kumlipia chuo. Kama ulisomeshwa na mfadhili au taasisi, pata barua kutoka kwao yenye maelezo ya kueleweka kwamba walikulipia na kwamba ufadhili umekoma. Barua ya mjomba peke yake ina uzito mdogo kuliko ya taasisi, lakini bora kuwa nayo kuliko kukaa kimya. Usidanganye shule uliyosoma. Namba yako ya mtihani inaitaja.

Mkopo unalipia nini hasa?

Ada ya mafunzo, ambayo huenda moja kwa moja chuoni. Chakula na malazi, ambayo kiwango chake cha juu ni Sh 10,000 kwa siku, kutoka Sh 8,500 ya zamani. Vitabu na viandikwa, Sh 200,000 kwa mwaka. Mahitaji maalumu ya kitivo kwa kozi kama udaktari na uhandisi. Na mafunzo kwa vitendo, Sh 10,000 kwa siku, siku zisizozidi 56. Si kila mtu anapata vyote. Mwingine atapangiwa chakula na malazi pamoja na sehemu tu ya ada, na tofauti ni ya familia.

Hesabu ambayo wazazi wanaisahau ni ya wiki za mwanzo. Pesa haiingii siku unayoshuka kwenye basi. Utahitaji nauli, pa kulala, godoro na chakula kabla jina lako halijaanza kusoma kwenye malipo. Nawaambia waweke cha kutosha mwezi mmoja, na anayeweza aweke zaidi.

Bumu linaingiaje?

Bumu, yaani ile pesa ya chakula na malazi, huingia kwa mikupuo katika mwaka wa masomo. Sharti ni kwamba uwe umesajiliwa chuoni na umesaini. Siku hizi kusaini ni kwa alama za vidole kwenye mfumo, na usiposaini kwa wakati pesa yako haitoki. Fuatilia matangazo ya Dawati la Mikopo chuoni kwako, usingoje kuambiwa kwenye kundi la WhatsApp. Ukifika wiki ya kwanza, nenda kajitambulishe dawatini. Jua ofisi ilipo ukiwa huna shida.

Akaunti ya benki iwe kwa majina yaleyale ya kwenye mkopo. Tumeshazungumza habari ya majina.

Awamu ya kwanza imetoka, jina langu halimo. Ndiyo basi?

Bado. Bodi hupanga kwa awamu, ya kwanza, ya pili, pengine ya tatu na zaidi, na kila mtu huangalia kwenye akaunti yake ya SIPA, yaani akaunti binafsi ya mwanafunzi kwenye mfumo wa Bodi. Usitegemee orodha inayozunguka mitandaoni. Sababu ya kutokuwemo inaweza kuwa kwamba udahili wako haujatulia. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa na TCU, na kabla ya hapo mkopo hauna pa kwenda. Inawezekana pia ombi lina kasoro. Bodi hutoa nafasi ya kurekebisha kasoro kabla ya kupanga, kwa hiyo baada ya kuwasilisha endelea kuingia kwenye akaunti yako kila wiki. Wengi wanawasilisha Julai halafu hawagusi tena mpaka Oktoba.

Nimepangiwa kidogo mno. Nikate rufaa?

Kata, kama una kitu kipya cha kuonyesha. Dirisha la rufaa hufunguliwa baada ya awamu za upangaji na hukaa wazi muda mfupi. Rufaa yenye nguvu ni ile yenye karatasi: cheti cha kifo kilichochelewa kupatikana, uthibitisho wa ulemavu, barua ya mfadhili aliyeacha kulipa, namba ya TASAF iliyokosewa mwanzo. Rufaa inayosema tu kwamba maisha ni magumu naisoma kwa huruma, lakini najua itakwama, kwa kuwa kila mwombaji anaweza kuiandika.

Wakati unasubiri, zungumza na chuo kuhusu kulipa ada kwa awamu. Vyuo vingi vinakubali ukiwahi kuomba. Kinachowafukuzisha wanafunzi mara nyingi ni kukaa kimya hadi wiki ya mitihani.

Nikitaka kuhama chuo au kuahirisha mwaka?

Pita Dawati la Mikopo kabla ya kusaini chochote. Kuhama kunafuata taratibu za TCU, na Bodi lazima ijue ulikokwenda, la sivyo pesa itaendelea kukutafuta kule ulikotoka.

Naenda kusoma stashahada. Mkopo haunihusu?

Tangu mwaka wa masomo 2023/24 unakuhusu, kwa fani za kipaumbele: afya, ualimu wa masomo ya sayansi na hisabati, usafirishaji, uhandisi wa nishati, madini, kilimo na mifugo. Mwongozo wake ni tofauti na wa shahada, usichanganye. Na chuo kiwe kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati.

Ufadhili wa Samia ndio huohuo mkopo?

Si huohuo. Ulianza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita na wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Huu haurejeshwi. Kama una ufaulu mkubwa wa PCM (fizikia, kemia, hisabati) au PCB (fizikia, kemia, baiolojia), fuatilia tangazo la Wizara ya Elimu matokeo yakitoka. Hata hivyo ombi lako la mkopo liwe tayari, kwa sababu usipokuwemo hutakuwa na muda wa kuanza upya.

Mimi ni wa Unguja. Niombe huku au kule?

Zanzibar ina Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya kwake, na ina utaratibu wake. Huwezi kulipiwa na bodi zote mbili kwa masomo yaleyale. Fomu za huko anazithibitisha sheha. Amua mapema unasimamia wapi.

Mzazi wangu anaogopa riba. Mkopo huu una riba?

Nimeulizwa hili na masheikh na nimeulizwa na wazazi wa kila dini. Zamani kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, na watu waliona deni likikua huku wakilipa. Rais Samia alitangaza kuifuta tarehe 1 Mei 2021, sherehe za Mei Mosi zilipofanyika Mwanza, na mwaka huohuo adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa nayo ikaondolewa. Inabaki tozo ya uendeshaji ya asilimia 1, inayotozwa mara moja. Mzazi ambaye dhamiri yake bado inasita akae na kiongozi wake wa dini akiwa na takwimu hizi mkononi, si na maneno ya mtaani.

Nitaanza kulipa lini, na kiasi gani?

Unapewa miezi 24 baada ya kumaliza masomo. Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, kwa hiyo mwenye mshahara wa Sh 800,000 anakatwa Sh 120,000. Aliyejiajiri hulipa angalau Sh 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi. Asilimia hiyo 15 ni kubwa, sikufichi. Iliwahi kuwa 8 kabla ya sheria kurekebishwa mwaka 2016. Pesa inayorudi ndiyo inayosaidia kuwakopesha wanaokuja nyuma yako, na kila Mei mimi nawaona kwa macho hao wanaokuja nyuma.

Mwalimu, mimi sikusoma. Nitamsaidiaje mwanangu?

Mama yangu, kazi kubwa zaidi kwenye orodha hii yote ni ya kwako na haihitaji kusoma. Nunua bahasha moja ngumu, isiyopitisha maji. Tia humo kadi ya kliniki ya mtoto kama ipo bado, cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho chako cha NIDA, cheti cha kifo cha baba yake kama ametangulia, kitambulisho cha TASAF, na risiti yoyote ya shule. Usikunje kitu. Usimwachie mtu yeyote karatasi halisi, hata mimi, mpe nakala tu. Ukipata nafasi kwenda kwa mtendaji kwa jambo jingine, muulize kama anayo kumbukumbu ya kifo cha mwenzio. Bahasha ikishajaa, njoo nayo shuleni. Jumamosi nipo mpaka saa kumi, na kama mwanao yuko JKT tutampigia tukiwa wote wawili hapa.